Tableti Nne Ndani ya Karai: Mwalimu Nasipwondi Wekulo Anastaafu

Mwalimu Nasipwondi Wekulo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 24 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi tisa katika shule yetu ya Mlango wa Buluu, Gatwekera. Miaka yote hiyo amefundisha darasa moja tu, la watoto wadogo kabisa, ambalo zamani tuliliita nasari na sasa linaitwa PP1. Mara tatu aliombwa apande akafundishe darasa la kwanza. Mara zote tatu alijibu kwamba huko juu watoto wanajifunga kamba za viatu wenyewe, sasa yeye ataenda kufanya nini?

Mwalimu Mkuu, Boaz Okoth, ameniomba niandike haya kwa jarida la shule kwa sababu nimekuwa msaidizi wa darasa lake kwa miaka kumi na mmoja. Mimi si mwandishi. Nitaeleza niliyoyaona, na machache niliyoambiwa na Mwalimu Hope, ambaye alikuwapo katika siku ambazo mimi sikuwapo.

Mwalimu Nasipwondi alifika hapa Januari 1994 kutoka Kimilili, akiwa na cheti cha kufundisha watoto wadogo na sanduku moja la nguo. Shule ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na mlango wake ulipakwa buluu kwa sababu hiyo ndiyo rangi iliyobaki kwa fundi. Watoto walikuwa kumi na wanane, wakikaa juu ya magunia. Vifaa vya kufundishia havikuwapo, kwa hiyo alivitafuta. Alikusanya vizibo vya soda kwenye vioski, akaokota vipande vya mbao kwa maseremala wa mtaa jirani wa Makina na kuvipiga msasa mwenyewe jioni, akahifadhi maganda ya mayai. Wazazi wengi wa watoto tulionao leo walijifunza kuhesabu kwa vizibo hivyo. Baba mmoja alipomleta binti yake mwaka jana alichungulia kabatini, akaona mkebe wa vizibo, akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na rafiki.

Ana sheria zake ndogo, na anayefanya kazi naye huzijua kabla ya kujua chumvi iko wapi. Mtoto hapigiwi kelele kutoka mbali, unamwendea. Uji haupakuliwi kabla mpakuaji hajauonja. Aliyemwaga uji aseme ni yeye, kisha apewe kitambaa afute, na habari iishe hapo. Na kila Ijumaa baada ya watoto kwenda nyumbani, chochote kilichoshikwa na mikono yao wiki nzima huoshwa kwenye karai kwa sabuni ya unga na dawa ya kuua viini, kisha huanikwa juani. Sheria hii aliianza mwaka ule kipindupindu kilipoingia mtaani. Mwaka huo watoto wa shule jirani waliugua, wetu hawakuugua, na tangu wakati huo hakuna Ijumaa iliyopita bila karai.

Januari 2023 wafadhili wetu walituletea tableti kumi na mbili za kufundishia watoto wadogo. Zilikuwa nzuri, zimevishwa mpira mwekundu pembeni, na zilikuja na mkufunzi kijana aliyekaa nasi siku moja. Alitueleza mambo mengi kwa haraka. Jambo moja tulilishika wote, kwa sababu lilituondolea hofu. Alisema, “Msiogope watoto. Hata wakizimwagia uji, hakuna shida.”

Mwalimu Nasipwondi alizipokea kwa heshima, akazipanga kabatini na kufunga kufuli. Muhula wa kwanza ukapita hivyo. Mwalimu Mkuu akimwuliza tableti zinaendeleaje, alijibu, “Ziko salama.” Na kweli zilikuwa salama. Mimi nilizipangusa vumbi kila Jumatatu.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mkaidi. Siku moja tukichambua mchele alinieleza, na naandika hapa kwa ruhusa yake. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kusimama mbele ya watoto akiwa ameshika kitu asichokijua. Kwa vizibo, yeye ndiye mwalimu. Kwa tableti, mtoto wa miaka mitano aliyezoea simu ya shangazi yake angemwonyesha yeye pa kubonyeza, na angewatazamaje wengine? Alikuwa na neno la pili pia, ambalo sikulisikia kwa wakufunzi wala kwa wakubwa. Alisema, “Mercyline, nyumbani hawa wanapewa simu ili wanyamaze. Hapa wamekuja kuongea.”

Mei ikaja barua. Wafadhili walisema kwamba kila darasa lingetembelewa mwezi wa Julai, na mwalimu ambaye hatakuwa anatumia tableti atahamishiwa stoo ya vitabu, darasa lipewe mwingine. Mwalimu Nasipwondi alikuwa amebakiza miaka miwili na nusu astaafu. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kumfuta mtoto pua. Lakini kuanzia siku ile nilimwona akiligusagusa dawati lake anapopita, kama mtu anayehesabu vitu vya nyumba kabla ya kuhama.

Mwanzoni mwa Juni mume wangu, Osewe, alifariki. Nilisafiri kwenda kumzika kwao Bondo na nikakaa huko wiki tatu. Shule ilitaka kutafuta msaidizi mwingine wa kushika nafasi yangu. Mwalimu Nasipwondi alikataa. Alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba akiingia mtu mpya, nikirudi nitaikuta nafasi imekaliwa, na aliyetoka kuzika hafai kukuta hivyo. Kwa hiyo alifundisha, akapika uji, akafagia, akaosha vikombe, yote peke yake.

Ni katika wiki hizo ndipo alipojikaza akafungua kabati. Alifuata maagizo ya mkufunzi neno kwa neno: kila mtoto tableti yake, kundi moja likitumia, kundi jingine likisubiri na vizibo. Hope, ambaye wakati ule alikuwa na mwaka mmoja tu kazini na darasa lake liko ng’ambo ya ukuta wa mabati, anasema kilichomshtua ni ukimya. Alikuja kuchungulia akidhani watoto wametoka. Alimkuta Mwalimu amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

“Wako sawa?” Hope akauliza kwa kunong’ona.

“Sijui,” Mwalimu akajibu. “Watoto wa miaka minne wakinyamaza hivi, mimi huwa napima homa.”

Wiki ikaisha. Tableti zilikuwa zimeshikwa na mikono ya watoto ishirini na wanne, na uji ulikuwa umeingia kwenye mpira mwekundu. Ijumaa ikafika. Kazi ya karai ilikuwa yangu, ila mimi nilikuwa Bondo. Mwalimu akachota maji, akatia sabuni na dawa, akaosha vizibo, akaosha mbao. Kisha akaziangalia tableti. Kitu ambacho uji hauwezi kukidhuru, maji safi yatakidhuru vipi? Akatumbukiza ya kwanza, akaisugua vizuri kwa brashi, akaisuuza mara mbili. Akaosha ya pili, ya tatu na ya nne, akazianika kwenye benchi zikiwa zimelala chali kama sahani. Alikuwa ameinua ya tano Hope alipopita.

“Ticha! Unaosha tableti?”

“Sasa uji utatoka kwa maombi?”

Hope anasema alitaka kulia na kucheka pamoja. Aliikwapua ile ya tano mkononi mwa Mwalimu na kuikumbatia. Zile nne walizifukia ndani ya mchele wa shule siku tatu, kama alivyoshauri fundi wa simu wa Makina. Hazikuamka. Wiki ile, anasema Hope, mchele ulinuka sabuni kidogo, lakini watoto hawakulalamika.

Jumatatu ilibidi ripoti iandikwe. Mwalimu Mkuu ni mtu mwema, na alijua barua ya Mei inasema nini. Aliona miaka karibu thelathini ikiishia stoo kwa sababu ya karai moja. Akafunga mlango wa ofisi na kumwambia kwa upole, “Mwalimu, andika tu zilinyeshewa. Kwani Alhamisi haikunyesha? Na hayo mabati yanavuja, kila mtu anajua.”

“Mwalimu Mkuu, mimi kila siku nauliza nani amemwaga uji,” akasema. “Leo nimemwaga mimi, halafu nisingizie mvua?”

Akaandika kwa mkono wake. Nakala iko kwenye faili, na Mwalimu Mkuu ameniruhusu kuinukuu: “Nimeharibu tableti nne kwa kuziosha na maji. Nilidhani zinaoshwa. Sikuuliza mtu. Nane zilizobaki ni nzima na naomba kufundishwa kuzitumia.” Hakuandika kwamba siku hiyo alikuwa akifanya kazi ya watu wawili. Hakuandika ni kwa nini. Hilo nililijua mwezi mzima baadaye, kutoka kwa Hope.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa pole nyingi, maana pole nyingi huchosha. Nilikuta aproni yangu kwenye msumari wake, imefuliwa na kupigwa pasi. Mwalimu alinishika mkono, akaushika kwa muda, kisha akanipa mwiko. “Mimi nimewapikia uji wa madonge wiki tatu,” akasema. “Watoto wamekungoja.” Wakati wa chakula cha mchana tulikaa benchi moja, tukala kimya. Tulifanya hivyo siku nyingi. Mpaka leo sijui jinsi ya kumshukuru kwa ukimya ule, kwa hiyo naandika hapa.

Baada ya kula, kila siku, Hope alikuja na tableti na Mwalimu akatoa daftari. Mwalimu wa miaka ishirini na minne akamfundisha mwalimu wa miaka hamsini na minane. Mwalimu alikuwa akibonyeza kioo kwa nguvu zote za mkono uliokanda unga miaka mingi. “Polepole, Ticha,” Hope akamwambia, “huo si mlango wa choo.” Ukurasa wa kwanza wa daftari lile uliandikwa hivi: “Gusa. Ngoja. Usiguse tena.” Siku ya nne alipiga picha yake ya kwanza. Ilikuwa ya kidole chake. Siku ya saba alipiga picha ya Hope, kichwa kizima kikiwamo, na akaionyesha jikoni, ofisini, na kwa mama wa mboga aliye nje ya geti.

Lakini jambo kubwa hakufundishwa na Hope. Lilitoka kwenye karai. Tableti zilikuwa zimebaki nane na watoto ni ishirini na wanne, kwa hiyo ilibidi watoto watatu wagawane moja. Kwa mkufunzi hiyo ingekuwa kasoro. Mwalimu akaipangia sheria: mmoja ashike, mmoja aguse, mmoja aseme, kisha wabadilishane. Asubuhi ya kwanza kelele zilisikika mpaka barabarani. “Si hapo, wewe! Hapo!” “Ngoja nishike, zamu yako imeisha!” “Sema basi, si ni wewe wa kusema?” Walikosana, wakapatana, wakafundishana. Mwalimu aliegemea ukuta, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nikaona uso wake umetulia. Homa ilikuwa imeshuka.

Julai akaja Bi. Ndinda, afisa wa wafadhili, na faili lake. Ripoti ya tableti nne ilikuwa juu kabisa. Niliiona nilipompa kiti. Mwalimu alimkaribisha, akaendelea na somo. Kwenye programu zilitokea picha za matunda ya kuhesabu. Kundi la mtoto mmoja, Billy, lilipata stroberi tatu. Billy, ambaye zamu yake ilikuwa ya kusema, alizitazama sana.

“Ticha, hizi nyanya ziko na tetekuwanga!”

Darasa zima likaja kuona nyanya zinazougua. Nilimtazama Bi. Ndinda nikaona kalamu imesimama. Mwalimu hakumsahihisha mtoto kwa haraka. Alisema kwamba ni tunda, linaitwa stroberi, na hata yeye hajawahi kulila. Kisha akamgeukia Bi. Ndinda na kusema kwa heshima kwamba watoto hawa wanaweza kuhesabu vizuri zaidi wakihesabu wanachokijua, na kama mgeni hana haraka, angependa kumwonyesha. Akawatoa nje na tableti zao. Kazi ilikuwa kupiga picha za vitu vitatu vinavyofanana. Wakarudi na mitungi mitatu ya maji, mandazi matatu ya mama anayeyauza nje ya geti, ndala tatu zilizoanikwa ukutani. Kundi la Billy lilikuwa limevipenda viatu vya Bi. Ndinda. Walivipiga picha, wakahesabu, “Moja, mbili…” wakakwama. Wakashauriana. Kisha Billy akaweka mguu wake katikati ya miguu ya mgeni, wakapiga tena. “Tatu!”

Bi. Ndinda alicheka mpaka akafuta macho, lakini alipoondoka hakusema lolote kuhusu darasa. Siku kumi na moja tulingoja. Katika siku hizo Mwalimu alileta katoni kutoka dukani, akaanza kupanga vitu vyake kimyakimya, ili akihamishwa asiwape watoto tamasha la kumwona akifungasha. Mkebe wa vizibo aliuacha mezani. Alisema huo ni wa darasa.

Barua ilikuja siku mbili kabla ya shule kufungwa. Ilikuwa fupi. Mwalimu Wekulo aendelee na darasa lake hadi atakapostaafu. Badala ya zile tableti nne hazitaletwa nyingine, na mpango wake wa watoto watatu kwa tableti moja utajaribiwa kwingine. Mwisho ilimwomba aende Kawangware, kwenye shule dada, akazungumze na walimu wa huko, ambao tableti zao zilikuwa hazijatoka kabatini tangu zifike.

Nilimsindikiza. Walimu walikuwa saba, wengi wa umri wake, wamekunja mikono. Walikuwa wametembelewa na wakufunzi watatu tayari, na kila mmoja aliwaambia kwamba dunia imebadilika. Mwalimu Nasipwondi hakuwaambia dunia imefanya nini. Alikaa na kusema, “Mimi naitwa Nasipwondi, natoka Gatwekera. Mwezi wa Juni niliosha tableti nne kwa sabuni ya unga.”

Mwalimu mmoja mwembamba, Wakarima, akauliza, “Kwa brashi?”

“Kwa brashi. Na nikasuuza mara mbili.”

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena kwenye mkutano wa walimu. Na kilipopungua, Wakarima akasema kwamba yeye huwaambia wakubwa stima imepotea. Mwingine akasema yeye aliificha chaja. Wa tatu, mwalimu mzee kabisa, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijaribu mara moja, mtoto akamwambia, “Lete nikuonyeshe, Ticha,” na akaona aibu hata akashindwa kulala. Mwalimu Nasipwondi akavuta kiti karibu naye. “Na mimi hiyo ndiyo niliogopa,” akasema. “Sasa wananionyesha kila siku. Nikionyeshwa, nasema asante, kisha namwambia aliyenionyesha amfundishe mwenzake. Mimi napumzika.” Alasiri hiyo kabati ilifunguliwa. Kufuli lilikuwa limeshika kutu kidogo.

Amerudi Kawangware mara nyingi tangu wakati huo, na shule nyingine mbili zimemwita. Hajawa mtu wa tableti kupita kiasi. Hutumia nusu saa, siku tatu kwa wiki, kisha watoto hurudi kwenye vizibo, udongo na nyimbo. Mzazi akimwomba amwekee mtoto michezo kwenye simu, humwuliza mtoto atacheza na nani. Walimu wapya wakimwuliza kama teknolojia ni nzuri kwa watoto wadogo, husema itategemea kama darasa linapata kelele au linapoteza kelele.

Kuanzia Januari darasa litakuwa la Hope. Mwalimu anakwenda Kimilili, kwenye nyumba aliyoijenga polepole, na kwenye ng’ombe wawili ambao ametuonyesha picha zao nyingi, sasa zikiwa na vichwa.

Rejista ya darasa ina nafasi ambapo mwalimu wa darasa hutia sahihi kila mwisho wa muhula. Juzi nilifungua za miaka hii ya mwisho, kuanzia ile Julai ya kungoja barua. Muhula kwa muhula, jina ni lile lile: N. Wekulo. Imebaki nafasi moja, ya Ijumaa hii.

Mwalimu, kwa niaba ya watoto, wazazi na wafanyakazi wote wa Mlango wa Buluu, asante. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na usingizi usiokatizwa na kengele. Huko Kimilili upate majirani wa kuongea nao, kwa sababu tunajua ukimya huupendi, ila ule wa benchi. Ijumaa utie sahihi yako polepole. Darasa ni lako.

Mercyline Aoko
Msaidizi wa darasa, PP1